Tarishi wa Uongo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo, zimenikuta kwenye benchi la kliniki. Mabati yalipiga kelele ghafla, nesi akawa anaita majina mara tatu tatu na bado tunaitikia wawili kwa jina moja.

Mimi alinipima presha mara mbili. Ya kwanza hakuiandika. Ya pili akaniuliza kama nimetoka kupanda ngazi, na jengo lenyewe halina ngazi. "Mia hamsini kwa mia," akasema. Nikaangalia sakafu, maana namba hizo nazifahamu. Miaka sita iliyopita ziliniondolea mtoto akiwa na miezi saba tumboni. Huyu wa sasa ana miezi mitano, na mimi nina thelathini na tisa. Sidhani kama nitapewa mwingine. Nyumbani hilo hatulisemi, ndiyo maana naliandika hapa.

Nesi anaitwa Sista Demetria. Mfupi, mkali, miwani imening'inia kifuani. Akanipa vidonge vya manjano, methyldopa, moja mara tatu kwa siku. Nikamuuliza vinafanyaje kazi. Wenzangu kwenye foleni wakaguna, lakini mimi ni karani wa masijala, siwezi kupokea kitu bila kujua kinakwenda wapi.

"Mishipa ya damu ina misuli," akasema. "Ubongo ndio unaoiamuru ibane. Kwako wewe amri zimezidi. Sasa hiki kidonge kikifika ubongoni, mwili unadhani ni malighafi yake ya kila siku, unatengeneza nacho mjumbe. Mjumbe wa bandia. Anakaa kwenye kiti cha yule wa kweli, anasema mambo yametulia. Ubongo unamwamini, unapunguza amri. Mishipa inalegea."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Uongo wa kheri. Tena utakupa usingizi siku za mwanzo, usishangae." Akavaa miwani akaniangalia vizuri. "Ila haponyi huyo, dada. Anatuliza tu. Dawa ya ugonjwa wako ni kujifungua, na mtoto bado mdogo. Sie hapa tunatafuta siku."

Akanipa na vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu, kimoja kila usiku. Nimerudi Manzese nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemeza vitatu. Sijasikia kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimelala kazini. Si kusinzia, kulala. Niliinamia majalada ya viwanja, nikaamka yamechapa mistari shavuni. Mzee Marijani, tarishi wetu, alikuwa amesimama mlangoni na barua zake, ananisubiri kwa adabu.

"Shikamoo Mzee," nikamwambia, naona aibu.

"Marahaba. Lala tu, binti yangu. Barua haziozi."

Kutwa nzima sauti zimenifikia kwa mbali, na mvua dirishani ilikuwa karibu zaidi kuliko watu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mume wangu, Apolinari, alikwenda peke yake, akaniacha nimelala chali nasikiliza maji yakidondoka kwenye sufuria tuliyoitega chini ya bati linalovuja.

Nimeota. Nilikuwa ndani ya ofisi ndefu isiyo na mwisho, madirisha pande zote, na kila meza ina mtu anayevuta kamba. Walikuwa wanavuta kwa nguvu, wamekunja uso, hakuna aliyejua mwenzake anavuta nini. Akaingia Mzee Marijani na jalada mkononi. Niliona wazi kwamba halina kitu ndani. Akapita meza hadi meza akisema kwa upole, "Bosi amesema inatosha, nendeni nyumbani." Wakaachia kamba mmoja mmoja, wakavaa makoti yao. Mimi nilijua anadanganya, wala sikusema. Pakawa na utulivu, nikasikia maji yakipita taratibu chini ya sakafu.

Nilipoamka mtoto alikuwa anacheza. Nimecheka peke yangu chumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nimeota tena ile ofisi. Nimeanza kuipenda.

Jumatatu, 17 Machi

Mia thelathini kwa themanini na tano! Sista Demetria hakutabasamu, ila aliandika kwa mwandiko mzuri zaidi. Apolinari nimempigia simu akiwa darasani anafundisha, akapokea. Hajawahi kupokea simu darasani.

Jumatano, 19 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Bukoba. Tulimpokea stendi ya Mbezi. Yeye bado anaiita Ubungo, na njia nzima alimuuliza Apolinari kwa nini Ubungo imehamishwa bila watu kuambiwa. Anaitwa Kokushubila. Ni mrefu, ametulia, anatembea na mkungu wa ndizi na maboksi matatu na wala hahemi. Mimi nilikuwa nahema kwa mkoba.

Amekuja kunitunza. Alipoingia ndani aliweka kiganja tumboni kwangu, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaona haya. "Huyu anakaa," akasema. Mara ile ya kwanza hakuja, alikuwa anauguza mumewe. Najua hilo linamkaa moyoni.

Alhamisi, 20 Machi

Kwenye boksi moja kuna udongo. Umefinyangwa na majani ya kwao, ukakaushwa mpaka ukawa vipande vyekundu vya kushika mkononi. Anakisugua kipande juu ya jiwe bapa, jiwe nalo amelibeba kutoka Bukoba, anachanganya na maji ya vuguvugu, anakupa kikombe. "Unaongeza damu, unalainisha njia ya mtoto. Watoto wangu wote sita."

Una ladha ya barabara mvua inapoanza kunyesha. Nimeumaliza wote na kulamba kikombe. Tangu mimba ilipoingia nilikuwa nanunua udongo sokoni kwa kujificha, na leo ninaletewa kitandani.

Jumapili, 23 Machi

Nimeweka utaratibu, maana ofisini nasifiwa kwa utaratibu. Vile vya damu nilikuwa navisahau usiku kwa usingizi, nikaona nivihamishie asubuhi pamoja na vya presha. Mama naye kachukua mchana na jioni. Saa ikifika anakuja na kidonge kwenye kisosi na kikombe cha udongo pembeni, anasimama mpaka nimeze. Mchana anavituma ofisini kwangu, udongo ndani ya chupa ya chai na kidonge kwenye karatasi. Sijaruka hata kimoja.

Ijumaa, 28 Machi

Usingizi umekwisha. Nimepanga majalada ya mwaka mzima. Mzee Marijani anasema nimerudi duniani. Nadhani mwili umeizoea dawa.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Jirani yangu Mauwa katuletea pilau na kuku, akakaa barazani na Mama wakaulizana habari za kwao. Mauwa ni wa Newala, mama wa watoto watano, mdomo wake hauna mlango. Alipoona kikombe alinikonyeza. Baadaye, tukiosha vyombo, akaniambia, "Shoga, mie simsemi mtu. Ila hicho unachonyweshwa unakijua?"

"Udongo."

"Udongo na nini?"

Nikamwambia aache uswahili wake. Nimelikumbuka hilo neno lake jioni nzima.

Jumatano, 2 Aprili

Mia arobaini kwa tisini na tano. Sista Demetria ameuliza kama ninameza. Nimemwambia ndiyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua usiku na mchana. Uchochoro wetu umejaa maji mpaka kwenye ngazi ya Mauwa. Sijaota ile ofisi muda mrefu. Nalala kwa shida, naamka na moyo unapiga masikioni.

Jumatatu, 14 Aprili

Mia sitini kwa mia. Sista Demetria alivua kifaa mkononi mwangu akakiweka mezani kwa kishindo.

"Dada, hunywi dawa."

"Nakunywa."

"Watu wanatuambia wanakunywa, tunakuta vidonge chini ya godoro. Wengine wanasema zinamlaza mtoto tumboni. Mie sikugombezi kwa kupenda. Ukicheza na hii, utapata kifafa cha mimba, tutakupoteza wewe na yeye."

Kila mtu kwenye benchi alisikia. Mimi, ambaye sijawahi kupoteza jalada hata moja, niliambiwa muongo mbele za watu. Ameniongezea dozi, viwili viwili. Nimetoka bila kumuaga. Nesi yule ana roho ya kutu.

Nyumbani Apolinari aliuliza polepole, kama mtu anayepita kwenye utelezi, "Lakini unavimeza vyote, mama?" Tangu lini ananiita mama? Nikamwambia amuulize mama yake, yeye ndiye anayenisimamia. Na hapo ndipo lile neno la Mauwa liliporudi na kukaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemtazama Mama akisugua udongo wake. Anasugua akiwa anaimba kwa kikwao, sauti ya chini, mgongo ameugeuzia mlango. Zamani niliona ni raha. Leo nimesimama pale nikijiuliza kwa nini amegeuza mgongo.

Nimemeza vyote. Nimekunywa chote. Ningekataa ningesema nini?

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Viatu vimekataa kuingia. Nimekwenda kanisani na ndala, Mama kanishika mkono njia nzima, mkono wake mkavu na wa moto. Nilitaka kuuachia na nilitaka kuushika.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandikia kitandani hospitali. Mengi sana, niyaweke kabla hayajanichanganyika.

Juzi Jumatano niliamka na kichwa kinapasuka. Mchana nikaanza kuona vimulimuli, na nje kulikuwa na jua la dakika mbili kati ya mvua na mvua. Apolinari yuko shuleni. Nilimwita Mama, akaja, akaniangalia usoni mara moja. Akatoka kugonga kwa Mauwa, Mauwa akapiga simu bajaji, bajaji ikagoma kuingia uchochoroni kwa maji.

Basi Mama alipandisha kitenge mpaka magotini, akachukua mti wa deki, akatangulia majini akipima chini kwa ule mti, kwa sababu mtaro wetu hauna mfuniko na hauonekani. Kila hatua anageuka, "Hapa. Kanyaga hapa." Mauwa nyuma yangu amenishika kiuno, analia na kutukana serikali ya mtaa kwa pamoja. Bega la Mama lilikuwa na kikapu, na alikuwa anakiinua juu kisiguse maji.

Walinipima: mia na themanini kwa mia na kumi na tano. Wakanichoma sindano, wakanitundikia dripu, taa ikazunguka kidogo halafu ikatulia. Nilimsikia mtoto akigonga mara moja, nikashika tumbo nikamwambia abaki. Sikumbuki kama nilisema kwa sauti.

Sista Demetria alikuja kutoka kliniki alipopata habari. Nilitegemea kugombezwa. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Usingizi uliisha lini?"

"Usingizi gani?"

"Ule wa dawa. Mwanzo ulikuwa unalala hovyo, uliniambia mwenyewe. Uliisha lini?"

Nikafikiri. Mwishoni mwa Machi.

"Wengi huzoea, kweli. Lakini kwako usingizi umekwenda na presha imerudi, vyote wiki moja. Na juzi nimekuongezea dozi, ulilala?"

"Hapana."

"Basi labda haikuingia mwilini. Naomba unieleze siku yako. Unaamka, unafanya nini?"

Nikaeleza. Nilipofika kwenye kisosi, Mama, aliyekuwa amesimama ukutani na kitenge kinachuruzika, alisogea. Alikuwa anafurahi kwamba ana la kuonyesha. Akafungua kikapu, akatoa ile chupa ya chai, kavu kabisa, na vidonge viwili vya mchana vimefungwa kwenye karatasi.

"Nimekuja navyo," akasema. "Asipitwe na vya saa nane."

Sista akafungua chupa, akanusa, akamimina kidogo kiganjani. "Mama yangu, shikamoo. Hiki ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Udongo wa kwetu. Unaongeza damu."

"Na vidonge anamezea hiki?"

"Hapo hapo, kwa pamoja. Ili asisahau."

Mvua ilianza tena juu ya paa. Sista akaeleza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Udongo mwekundu una madini ya chuma. Vidonge vya damu navyo ni chuma. Chuma kikikutana na methyldopa tumboni, vinashikana. Vikishashikana, dawa nyingi haipenyi kuingia kwenye damu, inatoka chooni. Kilichobaki ni kidogo mno kufika ubongoni. Nilikuwa namtuma tarishi wangu kila siku, na kila siku alikuwa anakamatwa getini.

"Asubuhi na vya damu, mchana na jioni na udongo," Sista akasema. "Mwezi mzima ulikuwa kama hunywi. Na mie nikakuita muongo. Nisamehe, dada."

Nilipaswa kumjibu yeye. Badala yake niligeuka ukutani alikosimama mwanamke aliyenivusha maji, nikasema, "Mama, ungeniulia mwanangu."

Alichukua chupa mkononi mwa Sista, akaifunga kifuniko taratibu, akaizungushia kanga, akairudisha kikapuni. Kisha akatoka akakaa kwenye korido.

Jumapili, 27 Aprili

Sasa vya presha peke yake na maji. Cha damu usiku sana, mbali na vingine. Udongo basi.

Presha mia arobaini kwa tisini. Jana nililala kutwa nzima, na leo nimeota. Walikuwa wamerudi wote na kamba zao, wengi kuliko mwanzo, na Mzee Marijani aliingia amelowa, viatu mkononi. "Nimechelewa," akasema. "Njiani kulikuwa na maji." Wakaachia. Nimeamka nalia, manesi wakadhani naumwa.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeruhusiwa. Kupumzika, na kupima kila baada ya siku tatu. Sista anasema kila wiki tunayoipata ni mapafu ya mtoto.

Ijumaa, 2 Mei

Mama hapiki tena. Anamwachia Mauwa, au Apolinari akirudi. Mimi ananiletea vitu vya dukani tu, vilivyofungwa: maji ya chupa na biskuti za pakiti, na yai la kuchemsha bado na ganda lake. Anaviweka kwenye stuli mlangoni, anarudi nyuma. Anataka nione kwamba havijafunguliwa.

Mkono haunigusi. Akitaka kujua kama mtoto amecheza anamtuma Apolinari aniulize, naye anakuja kichwa chini, "Mama anauliza, anacheza?" Nami namjibu, "Mwambie anacheza." Nyumba yenyewe vyumba viwili.

Jumatatu, 5 Mei

Mia thelathini na tano kwa themanini na tano. Mvua nyembamba.

Usingizini, au karibu na usingizi, nasikia jiwe likisuguliwa na ule wimbo. Nikifungua macho pako kimya. Sikuwahi kumuuliza wimbo ule unasema nini.

Alhamisi, 8 Mei

Nimesema. Nimejikokota mpaka barazani alipokaa anatazama maji.

"Mama, vile vya damu mie ndiye niliyevihamishia asubuhi. Kila kitu pamoja, ule utaratibu ni wangu. Wewe ulifuata."

"Usinifariji, mwanangu."

"Sikufariji. Nilikuonea."

Akatikisa kichwa. "Yule wa kwanza sikuja, akaondoka. Huyu nimekuja, nikamletea sumu kwenye boksi." Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. "Mimi mkono wangu si mzuri kwa watoto wako."

Usingizi wa dawa ulinizunguka, nikakaa tu pembeni yake tukatazama ndala ya mtu ikipita na maji. Ninampenda mwanamke huyu na sijui nimwambie kwa lugha gani.

Jumatatu, 12 Mei

Amemwambia Apolinari amkatie tiketi ya Ijumaa. Apolinari amekata, kisha amekuja kunilaumu kwa macho, kisha amepiga chafya mara nne. Mafua ya mvua.

Presha mia hamsini kwa mia. Safari hii namezea maji matupu, na bado. Sista Demetria amenishika bega. "Tarishi kafanya kazi yake," nilimwambia, maana nilishamsimulia ndoto. "Kafanya," akasema. "Ila sasa nyuma yake wanaanza kumshtukia."

Alhamisi, 15 Mei

Vimulimuli tena. Nimelazwa. Mia sabini na kitu. Daktari anasema kesho asubuhi wananipasua wamtoe mtoto.

Jumapili, 18 Mei

Ni wa kike. Kilo moja na nusu na kidogo. Alilia. Sauti ndogo sana, lakini alilia, niliisikia nikiwa nimelala chini ya zile taa, na sasa kila kinachotokea kinapita juu ya hiyo sauti.

Ana uso wa Mama. Paji lile lile refu.

Jumatatu, 19 Mei

Sijamshika. Presha imegoma kushuka, dripu mkononi, nikikaa chumba kinainama. Namwona kwa picha za simu ya Apolinari, ambaye naye amezuiwa mlangoni kwa sababu ya mafua.

Nimemuuliza kama Mama alisafiri salama. "Hajasafiri," akasema. "Yuko korido. Tangu Ijumaa. Tiketi imeungua."

Jumanne, 20 Mei

Leo hakuna mvua. Dirisha limefunguliwa kwa mara ya kwanza.

Sista Demetria alikuja na habari kwamba mtoto yuko tayari kutoka kwenye mashine, anahitaji joto la mtu. Ngozi kwa ngozi, kifuani, saa nyingi. "Wewe huwezi bado. Baba anapiga chafya. Nani mwingine?"

"Mama," nikasema. "Yuko hapo nje."

Walimleta. Alisimama mbali na kitanda, kanga imebanwa kwapani, amekonda. Sista akamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana, mwanangu. Tafuta mwingine. Jirani yule, Mauwa."

"Mauwa si bibi yake," nikasema.

"Tupokigwe." Hajawahi kuniita kwa jina langu lote. "Nikimdhuru tena?"

Niliinuka kwenye mto kwa kadiri nilivyoweza. Chumba kikainama, nikakiacha kiiname. "Mama, wewe ndiye uliyenipitisha kwenye maji. Mtaro hauonekani na wewe ulikuwa mbele. Ningekanyaga wapi? Mimi nilisema neno baya nikiwa na hofu, na nakuomba unisamehe. Mwanangu anasikia baridi. Fungua kifua umpokee."

Alikaa kwenye kiti. Vifungo vilimshinda mpaka Sista akamsaidia. Kabla hawajamweka mtoto, akamshika Sista mkono, akauliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia:

"Asubuhi nimekunywa chai ya maziwa na tangawizi. Haitamfikia kwa kupitia ngozi?"

Sista Demetria alitaka kucheka na hakuweza. "Haitamfikia, mama yangu. Kitakachomfikia ni joto tu."

Wakamleta, amevaa kofia na nepi, miguu myembamba kama ya kifaranga, wakamlaza kifuani kwa bibi yake shavu upande mmoja, wakawafunga pamoja kwa kitenge. Mama hakupumua kwanza. Halafu nikaona mabega yakishuka, polepole, moja kisha la pili. Akaanza ule wimbo. Mwanangu alifungua mdomo, akaufunga, akalala.

Niliwatazama mpaka jua likahama ukutani. Nilitaka kumuuliza maneno ya wimbo yana maana gani, tena sasa hivi, nisichelewe tena.

"Mama," nikamwita.

Akaniinulia kidole mdomoni, bila kunitazama, mkali kabisa, ninyamaze nisimwamshe mtoto.